Kumbe Ilikuwa Ndoto

Umeme ulikatika saa mbili kasoro usiku, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikumlaani mtu. Runinga ikanyamaza. Simu ya mke wangu ilikuwa imebaki na asilimia tisa. Tukabaki na tochi ya kuchaji, mimi, binti yangu wa darasa la nne, na kitabu cha hadithi nilichomnunulia Jumamosi baada ya kuzunguka mjini mpaka soli ya kiatu ikalegea. Kitabu chenyewe sikitaji. Mwandishi wake anahangaikia riziki kama mimi, na ninayotaka kuyasema hayamhusu yeye peke yake.

Kilianza vizuri, na hapo ndipo panaponiuma. Kijiji kina kiangazi. Mtoto wa kiume, rika la binti yangu, anamfukuza kuku mpaka kwenye mbuyu. Kuku anaingia kwenye ufa wa shina, mtoto naye anajipenyeza. Ndani kuna soko. Soko zima, vibanda na mikokoteni na harufu ya vitumbua, limo ndani ya mti. Mzee mmoja anauza mwangwi kwa kibaba. Pembeni yake mama mmoja mnene anauza ngoma ndogo ya kuitia mvua. Mtoto anatoa sarafu yake, mama anaigeuza huku na huku, anacheka: hiyo pesa ya nje, humu haipokelewi. "Niwekee usingizi wako rehani," anamwambia, "uje uukomboe kabla jogoo hajawika mara ya tatu." Mtoto anakubali. Yule mama anautoa usingizi kwenye kope zake taratibu, kama anavyotolewa mtoto tongotongo, anaufunga kwenye pindo la kanga na kukaza fundo.

Binti yangu alikuwa na karanga kinywani, na alikuwa ameacha kutafuna.

Nikafunua ukurasa. Mara yule mtoto akasikia sauti ya mama yake ikimwita, amka, utachelewa shule! Kumbe ilikuwa ndoto. Tangu siku hiyo akawa mtoto msikivu na hakufukuza tena kuku wa watu. Mwisho. Chini yake: Maswali. Taja vitu viwili vilivyouzwa sokoni. Eleza maana ya neno "rehani". Hadithi hii inatufundisha nini?

Akanyamaza kidogo. Halafu: "Baba, ameamkaje? Si usingizi wake anao yule mama?"

Haya, jibuni nyinyi. Mwandishi kaandika, mhariri kapitia, mchoraji kachora, mchapaji kachapa, na shimo lote hilo limekuja kuonwa na mtoto wa miaka tisa kwa mwanga wa tochi. Hawakuliona kwa sababu walikuwa wameshaacha kuiamini hadithi yao wenyewe. Walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea.

Ugomvi wangu ni na maneno hayo matatu: kumbe ilikuwa ndoto. Chukua vitabu kumi vya Kiswahili vya watoto vyenye jambo lolote lisilowezekana ndani yake, jini, samaki msemaji, baiskeli inayopaa. Uone vingapi vina ujasiri wa kuliacha jambo hilo liwe limetokea kweli. Wahusika wengine wanaota. Wengine wanapata homa ya malaria na kuweweseka. Mmoja, nakumbuka, alianguka kutoka kwenye mwembe, akazimia kurasa kumi na nne, akazinduka akiwa na adabu. Maajabu kwetu ni ugonjwa, na dawa yake ni mama anayekuja kukuamsha uende shule.

Mimi mwenyewe niliwahi kutibiwa ugonjwa huo. Darasa la tano tuliambiwa tuandike insha, "Safari Niliyoifurahia". Nyumbani kwetu safari zilikuwa za kwenda dukani kununua mafuta ya taa, basi nikaandika kwamba kivuko kilipofika katikati ya Magogoni na Kigamboni kilizama polepole, abiria wote wamekaa, kondakta anaendelea kukata tiketi, tukateremkia kituo cha chini ya bahari ambako pweza walikuwa wanabeba mizigo minane kwa mpigo. Daftari lilirudi na mstari mwekundu kuanzia pweza mpaka mwisho, na pembeni neno moja: "Uwongo."

Ni kweli ulikuwa uwongo. Lakini jamani, nani asiyejua jinsi hadithi zetu zinavyofunguliwa? Mkwe wangu, bibi yake binti yangu, kakulia Ng'ambo, Unguja. Akikaa kwenye mkeka na kusema "Hadithi, hadithi!", wajukuu wanamjibu nini? "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea!" Tunauita uwongo kwa jina lake. Tunaupokea mlangoni kama mgeni aliyeleta zawadi. Vizazi na vizazi wamekaa barazani wakiuomba uje, halafu sisi tuliosoma tumeuchukulia kalamu nyekundu.

Na atakayeniambia kwamba maajabu ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtoto wa Kiswahili anahitaji "uhalisia", namwomba aende kwa Paa. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere, aliyekuja baadaye kuwa askofu, alichapisha London hadithi alizosimuliwa Unguja kwa Kiswahili. Ndani yake yumo maskini anayechakura jaani kama kuku. Anaokota thumuni, ananunua paa, na paa anazungumza. Paa huyo anamtafutia bwana wake almasi, anampa jina la Sultani Darai, anamwoza binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate nyumba. Halafu paa anaugua. Bwana, sasa mtu mzito, anaagiza apikiwe uji wa mtama, basi, huyo ni paa tu. Paa anakufa kwa majonzi.

Sasa sikilizeni inavyoisha. Usiku ule bwana analala na kuota yuko jaani, anachakura. Anaamka, na kweli yuko jaani, anachakura.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye mke na bado niliinuka kitandani. Mnaona alichofanya msimulizi yule wa Unguja? Ndoto anayo, anaijua, ameishika mkononi, na anaipindua: ulidhani ni ndoto, kumbe ndiyo kweli. Hakuna sentensi inayosema "Watoto, tusiwe na choyo." Haihitajiki. Mtu amekaa kwenye taka, amekwisha. Msimulizi huyo hakuwa na cheti cha ualimu wala mwongozo wa mtaala, na alikuwa anajua kazi kuliko wote tunaoitwa wataalamu wa fasihi ya watoto. Zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye sisi tunamwamsha mtoto aende shule!

Na kitu kingine, hadithi zile ni ndefu. Hapa nakuja kwenye kinachonisumbua baba mtu ninapozunguka madukani. Vitabu vya kurasa kumi na sita vyenye picha kubwa vipo, vingine vizuri sana. Riwaya za sekondari zipo. Katikati, kwa mtoto wa miaka minane mpaka kumi na mbili anayetaka kitabu chenye sura, cha kurasa mia na kitu, cha kukunja pembe ya ukurasa na kulala nacho chini ya mto, unaambiwa na muuzaji "hebu ngoja nikuangalizie" na harudi. Au anarudi na cha Kiingereza. Binti yangu anasoma vya Kiingereza shuleni, anajua mazimwi ya kwenye theluji ambayo hajawahi kuishika nje ya friji, na juzi kaniambia bila ubaya wowote, "Baba, Kiswahili ni cha maswali." Niliumia kuliko siku niliyopigwa wekundu.

Sura si mapambo. Sura ni mahali ambapo baba anasema "inatosha, kalale" na mtoto anasema "moja tu". Mkwe wangu hajui neno hilo lakini kazi yake anaijua. Anapowapa hadithi ya Nunda, paka wa sultani aliyeachwa ale ndama, ale mbuzi, mpaka akageuka nunda mla watu, haimalizi usiku mmoja. Mtoto wa mwisho wa sultani, yule mkaa jikoni aliyedharauliwa na kila mtu, anatoka kwenda kumwinda. Anaua mbwa, anamburuta mpaka nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba nunda amepatikana. Mama anajibu, mwanangu, siye. Anaua punda milia. Siye. Twiga. Siye. Kifaru, tembo. Siye. Wajukuu wanaitikia "siyeee!" mpaka jirani anagonga ukuta. Kila mnyama ni sura nzima iliyokwisha pangwa, imekaa inasubiri karatasi. Usiku bibi anakata kwenye twiga, na kesho yake saa kumi na mbili jioni watoto wameshajitandikia mkeka wenyewe. Hakuna aliyewahi kumuuliza nunda anatufundisha nini.

Najua kuna mjuaji anasubiri nifike hapa aniambie: mbona Elisi naye anaamka? Haya. Nakubali, tena kwa meno yaliyokazwa. Kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, ambacho tumekuwa nacho kwa Kiswahili tangu 1940 kwa jina la *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, kinaishia kwenye usingizi. Lakini kabla hujafika huko umepewa sura kumi na mbili, na tangu ukurasa wa kwanza mambo yanakwenda kwa sheria za ndotoni, kwa hiyo mwisho wake haumdhulumu mtu. Ndoto pale ni nyumba iliyojengwa kwa makusudi. Ndoto yetu ni dirisha la mwizi. Na Elisi akishaamka anaambiwa akimbie akanywe chai. Hapewi maswali matatu.

Nakubali pia, ingawa sitaki, kwamba wachapishaji wana hoja. Mnunuzi wao mkubwa ni shule, na shule inataka kitabu chenye funzo na mazoezi. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiyo hiyo: bila mtu wa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka mashuleni, mchapishaji hawezi kujitosa. Karatasi ni ghali. Na sisi wazazi tukoje? Jumamosi ile ile, dukani, kabla sijatoa pesa, nilikigeuza kitabu nikamuuliza kijana wa kaunta, "Hiki kinafundisha nini?" Mimi! Ninayeandika haya! Akanijibu, "Usikivu, mzee," nikalipa.

Kwa hiyo sina pa kusimama nikamrushia mtu jiwe. Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi ukishamwingiza mtoto ndani ya mbuyu, kaa naye humo. Ukiogopa, ogopa mle mle. Ngoma ya mvua ipigwe, au isipigwe, au ipigwe na mvua inyeshe ya vifaranga, lakini deni lililowekwa ukurasa wa kumi na nane lidaiwe. Watoto ni wadai wabaya kuliko vikoba. Ukiwaambia usingizi umewekwa rehani, watataka kujua umekombolewa na nani na kwa shilingi ngapi.

Umeme ulirudi saa nne kasorobo, runinga ikaanza kupiga kelele peke yake, na binti yangu akaenda kuizima bila kuambiwa. Alikuwa amechukua daftari lake la hesabu, akaligeuza akaanzia nyuma. Nilimuuliza anaandika nini, akafunika kwa kiwiko. Asubuhi nilipokuwa namtafutia soksi nilisoma, na Mungu anisamehe.

"Sura ya Kwanza. Usiku wa Kwanza. Yule mtoto hakuota. Mama yake alifikiri ameota kwa sababu alimkuta amelala chini ya mbuyu macho wazi. Usiku kila mtu alilala, yeye hakulala. Akahesabu mabati yote. Saa nane akasikia mtu anakoroma chumba cha uani, ambacho hakina mtu. Akasikiliza vizuri. Ulikuwa mkoromo wake."

Hapo pameishia. Nimemuuliza wakati wa chai, nikijifanya sijali, kama kuna sura ya pili. Kasema nisubiri usiku.