Mikono ya Troy Kotsur

Usiku wa tuzo za Oscar mwaka 2022, mwigizaji wa Korea Kusini Youn Yuh-jung alimkabidhi mwigizaji Troy Kotsur sanamu yake, kisha akamshikia ili apate mikono ya kushukuru. Kotsur ni kiziwi. Kwa mikono hiyo miwili alimtaja baba yake, aliyekuwa hodari wa lugha ya alama kuliko wote nyumbani kwao, mpaka ajali ya gari ikampoozesha kuanzia shingoni na asiweze tena kuzungumza kwa ishara.

Filamu iliyompa tuzo hiyo, CODA, ambamo alicheza baba, inahusu familia ya wavuvi viziwi wa Massachusetts ambao binti yao peke yake anasikia. Imetokana na filamu ya Kifaransa ya 2014, na humo wazazi viziwi walichezwa na watu wanaosikia. Wenye fedha wa toleo la Marekani nao walitaka baba awe mwigizaji mwenye jina, hata kama anasikia. Marlee Matlin, aliyekwisha kupewa nafasi ya mama, akasema wakifanya hivyo anajitoa.

Wanaotetea anayesikia kumcheza kiziwi wana hoja. Kuigiza ni kuvaa uhusika usio wako. Eddie Redmayne, aliyepata Oscar mwaka 2015 kwa kumcheza Stephen Hawking, mwanafizikia aliyepooza, ilibidi kwanza aonekane kijana mzima, ndipo ugonjwa umle polepole. Tena, kila mtu akilazimishwa kucheza alivyo, mwenye ulemavu atafungiwa humohumo.

Hoja ya jina ndiyo siwezi kuimeza. Matlin alipata Oscar mwaka 1987, akiwa na miaka 21. Kiziwi wa pili kuipata kwa uigizaji ni Kotsur, mumewe wa kwenye filamu. Ilipita miaka 35! Mtoto kiziwi aliyezaliwa usiku ule wa Matlin alikuwa ameshafikia umri wa kulea wanawe. Na Kotsur hakuwa amekaa bure. Alikuwa akiiva jukwaani katika tamthilia za Deaf West, kundi la maigizo la viziwi la Los Angeles. Ananyimwa nafasi kwa kukosa jina, na jina hulipata wapi bila nafasi?

Anayesikia anaweza kukariri ishara, kama mgeni anavyokariri Kiswahili cha mchezo: maneno yapo, lafudhi inamuumbua. Mtazameni Kotsur nyuma ya gari usiku, akimwomba binti yake amwimbie, kisha anamshika koo kwa viganja ili wimbo umfikie kwa ngozi. Apple walikuwa wameinunua filamu hiyo kwa dola milioni 25 kwenye tamasha la filamu la Sundance, biashara haikuharibika.

Anayehofia kwamba mwigizaji kiziwi atafungiwa kwenye uziwi, basi ampe pia nafasi ya hakimu, ya mwenye nyumba mkali, ya mpenzi aliyeachwa, bila hadithi kusimama ieleze masikio yake.