Mgombea ujaji katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi

Msomaji wa Nairobi au Dodoma amezoea majaji wa kuteuliwa. Kenya, Tume ya Utumishi wa Mahakama huwahoji waombaji hadharani; Tanzania, Rais huteua baada ya kushauriana na Tume yake. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, jaji wa mahakama ya kaunti, iitwayo Common Pleas, huomba kura kama diwani. Uchaguzi huo hufanyika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na kura ya mchujo hupigwa Mei. Majira hayo wagombea hupishana milangoni mwa kumbi za vyama vya mafundi umeme, mafundi bomba, walimu na wafanyakazi wa hospitali. Wanaopinga huuliza: atakayeamua kesi ya mgomo anaruhusiwaje kuanza kwa kuomba kura za wagomaji?

Kabla ya kujibu, tuone jaji huyu ana mamlaka gani hasa juu ya wafanyakazi, maana hapa pande zote mbili hutia chumvi. Mvutano wa kampuni binafsi na chama cha wafanyakazi kinachotaka kutambuliwa huenda kwenye bodi ya kazi ya serikali ya shirikisho. Fidia ya aliyeumia kazini huamuliwa na majaji maalum wa kuteuliwa. Kinachobaki kwa Common Pleas si kingi, lakini kina uzito. Kwanza ni amri ya zuio dhidi ya wagomaji: wangapi wasimame getini, umbali gani kutoka njia ya malori. Sheria ya jimbo ya 1937 inabana sana amri hizo, ila ulinzi wake hauwafikii wafanyakazi walioteka mali ya mwajiri ili kumlazimisha akubali madai yao. Pili ni migomo ya walimu, ambapo mahakama inaweza kuombwa iwarudishe darasani ili muda wa masomo unaotakiwa kisheria utimie. Tatu ni maombi ya kutengua uamuzi wa msuluhishi baina ya chama na halmashauri. Nne ni madai ya madhara, kwa mfano fundi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akimshtaki mkandarasi ambaye si mwajiri wake.

Kwa hiyo chama kina sababu halali ya kutaka kumjua mtu huyu. Pia, ukikiondoa chama, nafasi yake haichukuliwi na hekima. Philadelphia, mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura hupatikana kwa kuchota namba kutoka kopo kuukuu la kahawa la Horn & Hardart. Wanaojitokeza mchujo wa Mei ni wachache, majina ya wagombea ujaji ni mengi, na aliyechota namba nzuri huanza akiwa mbele hata kama hakuna anayemfahamu. Chama cha mawakili cha jiji hutoa orodha ya wanaopendekezwa na wasiopendekezwa, lakini wasiopendekezwa wamewahi kushinda. Kuna jambo jingine: mgombea wa Common Pleas anaruhusiwa kujiandikisha katika mchujo wa vyama vyote viwili vikubwa, na wengi hufanya hivyo. Nembo ya chama cha siasa haikusaidii basi kumtofautisha huyu na yule. Kikaratasi cha mfano wa kura kinachogawiwa na chama cha wafanyakazi huenda ndicho maelezo pekee ambayo mpigakura atakuwa nayo mkononi.

Ndani ya ukumbi, mipaka ni myembamba. Mwaka 2002, katika kesi ya Republican Party of Minnesota v. White, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba mgombea ujaji hawezi kukatazwa kutoa msimamo wake kuhusu masuala ya kisheria. Kilichobaki ni katazo la kuahidi. Akisema, “Mimi ni mtoto wa fundi chuma, naheshimu haki ya kugoma,” yuko salama. Akisema, “Mkigoma, zuio halitatoka kwangu,” amevunja kanuni za maadili. Ugumu huja kwenye dodoso ambalo chama hutuma kabla ya kumuunga mkono mtu. Mgombea makini huandika kwamba hawezi kujibu swali fulani kwa sababu suala hilo laweza kufika mbele yake. Kamati ya chama husoma kimya hicho kama woga, na anayejibu kwa ufasaha mno hupata kura zao. Hili ndilo doa kubwa la utaratibu mzima: unamzawadia anayesogea karibu zaidi na mstari.

(Kosa dogo ambalo wagombea wageni hurudia: vipeperushi bila alama ndogo ya wachapaji walio katika chama. Watu hugeuza karatasi na kutazama kona ya chini kabla ya kusoma jina.)

Upande wa fedha, mgombea mwenyewe haombi wala hapokei mchango; kamati yake ndiyo hufanya hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki katazo la namna hiyo mwaka 2015, katika kesi ya Williams-Yulee iliyotoka Florida. Kwa hiyo mazungumzo yakigeukia hundi, mgombea aliyefundwa vizuri hutoka nje na kumwachia mweka hazina wake. Chama nacho hakiruhusiwi kumpa mgombea fedha za ada za wanachama moja kwa moja. Hupitia kamati ya kisiasa yenye mfuko wake wa michango ya hiari. Lakini sheria ya jimbo haiweki kikomo cha kiasi, na hapo ndipo wapinzani wanapopata nguvu.

Wana mifano. Mwaka 2015 Kevin Dougherty alichaguliwa Mahakama ya Juu ya Pennsylvania akisaidiwa sana na chama cha mafundi umeme, Local 98, kilichoongozwa na ndugu yake John. John alikuja kutiwa hatiani kwa rushwa mwaka 2021. Kevin hakushtakiwa kwa lolote, na Novemba 2025 wapigakura walimbakiza kazini. Hata hivyo swali la undugu na fedha halikumwacha. Lakini mfano mbaya kuliko yote ulitoka upande wa waajiri: West Virginia, 2004, Don Blankenship wa kampuni ya makaa ya Massey alitumia dola milioni 3 kumsaidia Brent Benjamin ashinde kiti katika mahakama ya juu ya jimbo hilo, kisha Benjamin akawa mmoja wa majaji watatu ambao, dhidi ya wawili, walitengua hukumu ya dola milioni 50 dhidi ya Massey. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema Benjamin alipaswa kujitoa kwenye kesi. Anayetaka kuwafungia wafanyakazi mlango aeleze atawazuiaje wenye migodi.

Kwa maoni yetu, kupigania kauli za ukumbini ni kupoteza muda. Pa kukaza ni kanuni ya kujitoa kwenye kesi. Kanuni za Pennsylvania zinamtaka jaji ajitoe ikiwa upande wa kesi au wakili wake alichangia kampeni kwa kiasi kinachotia shaka ya haki. Kiasi gani? Hazitaji. Zinasema tu kwamba mchango mdogo, usiozidi zawadi ambayo jaji analazimika kuitaja kwenye taarifa ya mali zake, huchukuliwa kuwa hauna tatizo hadi ithibitishwe vinginevyo. Juu ya hapo ni giza. Na anayeamua kwanza kama jaji ajitoe ni jaji yuleyule anayelalamikiwa. Mahakama ya rufaa humwingilia tu akionekana kutumia vibaya hiari yake. Wakili wa kampuni anayeomba jaji ajitoe anajua kwamba akikataliwa, ataendelea na kesi nzima mbele ya mtu aliyemtuhumu, kwa hiyo wengi hunyamaza.

Kuna jambo ambalo huenda viongozi wa matawi ya vyama wasipende kulisikia. Muhula ni miaka 10, na baada yake jaji hana mpinzani wala chama cha siasa: wapigakura hujibu tu ndiyo au hapana kama abaki. Shinikizo la chama lina nguvu mara moja, Mei ile ya kwanza. Tawi lililomaliza nguvu zake kupata jibu tamu kwenye dodoso limenunua kitu ambacho haliwezi kukidai mwaka wa tatu. Ni heri lingeuliza mgombea amewahi kuendesha kesi ngapi za usuluhishi, na ameshika upande gani.