Marekebisho Yenu Yarudisheni Yalikotoka

Ujumbe uliingia Jumapili jioni, kutoka kwa kampuni moja ya Nairobi ambayo sijawahi kufanya nayo kazi, ila inatumia laibrari yangu, yaani msimbo (maandishi ya programu) ninaoutoa bure ili wengine waujengee tovuti zao. Salamu hakuna. "Laibrari yako imeharibu fomu yetu. Mteja anazindua mfumo Jumatano. Rekebisha kabla ya kesho saa sita." Nakala ilikuwa imetumwa kwa meneja wa mradi na kwa mtu wa sheria, kana kwamba tuna mkataba. Hatuna. Kinachotuunganisha ni leseni ya MIT peke yake, kibali cha kutumia msimbo wangu bure, nayo inasema wazi kwamba msimbo unatolewa kama ulivyo, bila dhamana ya aina yoyote.

Nilikasirika, na bado nina hasira ninapoandika haya hapa Kisumu. Hata hivyo nilifungua kompyuta nikaangalia, kwa sababu hitilafu waliyoilalamikia inawaumiza watu wa kwetu.

Wengi wenu mnaijua laibrari yenyewe. Ni visanduku vya fomu za tovuti: namba ya simu, kaunti, eneo bunge, wadi. Niliianza kwa sababu fomu nyingi za hapa nchini ziliendelea kukataa namba zinazoanza na 01 muda mrefu baada ya watu kuanza kuzitumia, na kwa sababu kila ofisi ilikuwa ikichapa upya kaunti 47 na wadi 1,450, kila moja na makosa yake. Ni nyepesi. Inafunguka kwenye simu ya bei nafuu yenye bando la shilingi ishirini, na hilo nimelipigania kila mara mtu anapotaka niongeze urembo.

Sasa hitilafu. Kule Muhoroni kuna wadi iitwayo Masogo/Nyang'oma. Jina hilo lina mkwaju (/), tena lina ritifaa ('), na vyote viwili husumbua fomu. Mkwaju ulishashughulikiwa zamani. Ritifaa ndiyo iliyoleta balaa. Kwenye orodha ya laibrari ni ile iliyonyooka. Ukinakili jina kutoka kwenye waraka wa Word, mara nyingi inakuja iliyopinda. Kwa macho ya mtu ni jina lile lile. Kwa kompyuta ni majina mawili, hivyo kisanduku cha wadi kinabaki kitupu na fomu inakataa kwenda mbele.

Jumatatu nilimpigia karani mmoja wa wakulima wa miwa ambaye amekuwa akiijaribu fomu hiyo kwa kuwasajili wakulima kabla ya uzinduzi. Nilimuuliza hufanya nini wadi ikikataa. Akanijibu bila kusita: anachagua Chemelil, kwa sababu iko jirani na inakubali, ili foleni isogee. Simlaumu hata kidogo. Jua ni kali, watu wamesimama tangu asubuhi, na mzee aliye mbele yake ametoka mbali. Lakini mzee huyo anaondoka pale akiwa ameandikwa kuwa mkazi wa wadi asiyoishi, na hajui. Siku mgao wa mbolea utakapopangwa kwa wadi, jina lake litasomwa mahali ambapo hayupo.

Marekebisho yenyewe ni mistari michache: geuza kila aina ya ritifaa iwe moja kabla ya kulinganisha. Nilikuwa bado naandika majaribio yake msanidi (mwandishi wa programu) mmoja wa kampuni ile ile aliponitumia ujumbe wa faragha. "Dada, samahani sana kwa ile barua pepe. Hiyo shida niliitatua mwaka jana kwenye nakala yetu. Juzi tumesasisha laibrari, kazi yangu ikafutika." Nikamuuliza kwa nini hakunitumia wakati ule. Akasema aliomba ruhusa, akaambiwa kila mstari anaouandika ofisini ni mali ya kampuni na hautoki nje.

Hapo hasira yangu ikahama kutoka kwenye barua pepe ikaenda kwenye jambo kubwa zaidi. Kampuni hiyo ilikuwa na dawa mkononi. Ikaifungia kabatini, ikaipoteza yenyewe, kisha ikaja kunidai niitengeneze upya usiku wa Jumapili. Wala si wao peke yao. Nimezungumza na wasanidi wa Nakuru, wa Eldoret na wa hapa Kisumu, na wengi wanayo folda ya viraka wasivyoruhusiwa kuvitoa: vya laibrari yangu, vya kalenda za kuchagulia tarehe, vya menyu zinazogoma kufunguka kwenye Opera Mini. Kila mmoja ametatua tatizo lile lile akiwa peke yake, na kila toleo jipya likitoka anaanza kubandika upya. Hawa ni vijana wenye uwezo mkubwa, na muda wao unaungua hivyo mwaka baada ya mwaka, wakati kazi iliyofanywa mara moja na kurudishwa ingemfikia kila mtu kwenye sasisho linalofuata.

Sheria iko upande wa waajiri, nalikubali hilo shingo upande. Kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, na MIT haimlazimishi yeyote kurudisha chochote. Ningeweza kuhamia GPL, leseni inayomtaka anayesambaza msimbo aliouboresha autoe wazi, lakini kampuni ndogo zingekimbia na wakulima wangebaki na fomu mbovu zaidi. Ila naomba mwenye kampuni anijibu: ni siri gani ya biashara iliyomo ndani ya ritifaa? Ni mshindani gani atakayewapokonya zabuni kwa sababu fomu yake nayo imejifunza kusoma Nyang'oma? Mnalinda kitu ambacho hamwezi kukiuza, na ambacho kikiwa kwenu peke yenu kinawagharimu kila mnaposasisha. Kwenye chama, mtu akipokea zamu yake kisha akaacha kuchanga, wenzake humfuata hadi mlangoni. Sisi watunzaji wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, tumezoea kunyamaza, na kunyamaza kwetu kumewafanya waamini kwamba hakuna wanachodaiwa.

Kuhusu pesa nitasema machache, maana mjadala huu huanzia hapo na kuishia hapo. Mwaka 2021 timu ya Babel, zana inayogeuza JavaScript mpya isomeke kwenye vivinjari vya zamani, iliandika waziwazi kwamba zana yao inatumiwa na mamilioni na fedha zinaisha. Denis Pushkarev ameibeba core-js, laibrari inayovipa vivinjari vya zamani uwezo mpya, karibu peke yake kwa miaka. Alipoweka ujumbe wa kuomba michango na kazi uonekane wakati wa kusakinisha, alimiminiwa matusi na watu wanaotegemea jasho lake bure. Wapo waliofaulu, sikatai. Evan You aliitoa Vue, zana ya kujengea kurasa za tovuti, mwaka 2014, na mwaka 2016 akaanza kuifanyia kazi muda wote kwa michango ya wanaoitumia. Lakini Vue inajulikana dunia nzima. Na hata mtu akinitumia shilingi elfu tano kila mwezi, nitashukuru kwa dhati, ila elfu tano hiyo haitaniambia kwamba karani wa Muhoroni anachagua Chemelil. Anayejua ni yule msanidi aliyeketi na mteja, ambaye mwajiri wake amemziba mdomo.

Kuna na hatari ambayo wenye kampuni hawaioni. Mwaka 2018 Dominic Tarr, ambaye hakuwa akiitumia tena laibrari yake ya event-stream wala kupata chochote kutokana nayo, alimkabidhi funguo za kuitolea matoleo mapya mtu asiyemfahamu aliyejitolea kusaidia. Punde ukaingia msimbo uliolenga kuiba bitcoin kutoka kwenye pochi za kidijitali za Copay. Lawama nyingi zilimwangukia Tarr. Mimi nauliza wasanidi wa kampuni zote zilizokuwa zikiipakua walikuwa wapi, ili siku alipochoka awe na mtu ambaye kazi yake ameiona na jina lake analijua. Kuaminiana kati ya watu wasiowahi kuonana hujengwa hivyo: leo umenitumia mistari miwili mizuri, kesho kumi, mwakani nakupa ufunguo. Nami nimewahi kuandikiwa na mtu mwenye akaunti mpya kabisa, mkarimu kupita kiasi, akiomba anisaidie kutoa matoleo. Nilimkatalia. Lakini nilikuwa nimechoka sana wiki ile, na naelewa kabisa jinsi mtu anavyofika mahali pa kukubali.

Na asiniambie mtu kwamba watu wa magharibi mwa Kenya kazi yetu ni kupakua tu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, kwenye kliniki za mpango wa afya wa AMPATH, na KenyaEMR iliyoko kwenye vituo vingi vya afya nchini imejengwa juu yake. Upande wake wa mbele wa sasa, yaani sehemu anayoiona mtumiaji, OpenMRS 3, umeandikwa kwa React, laibrari ya kujengea kurasa, na wasanidi wa nchi mbalimbali, Wakenya wakiwemo. Imedumu kwa sababu mashirika yanayoitumia yanawalipa watu mshahara, na watu hao wanarudisha wanachokitengeneza kwenye mradi mkuu mchana kweupe, kama sehemu ya kazi yao.

Walimu wa kozi za programu nao waache kuwatuma wanafunzi kuongeza koma kwenye README, faili la maelezo ya mradi, ili wahesabiwe wamechangia. Oktoba 2020 takataka za namna hiyo zilizidi kwenye Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi ukiendelea. Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea majina ya wadi za Busia yaliyokuwa yamekosewa, kila moja na uthibitisho wake. Huo ndio mchango.

Ninachowaomba waajiri kinatosha kwenye kifungu kimoja cha mkataba: mwajiriwa anaruhusiwa kurudisha marekebisho ya programu huria tunazozitumia, ndani ya saa za kazi, mradi hayana data ya mteja wala sehemu ya mfumo wetu wenyewe. Mwanasheria wenu atakiandika kabla ya chai ya saa nne. Na kama mwanasheria yuko likizo, meneja anaweza kutoa ruhusa kwa barua pepe leo hii.

Toleo lenye marekebisho ya ritifaa limeshatoka, lisasisheni. Kuanzia sasa kampuni inayotaka kazi kwa haraka italipa, na bei ziko kwenye ukurasa wa mradi. Msanidi atakayeleta marekebisho pamoja na majaribio yake atajibiwa mbele ya barua pepe yoyote iliyowekewa saa ya mwisho. Kazi ipo: majina ya wadi za Kabonyo/Kanyagwal na East Kano/Wawidhi bado yanatoka nje ya kisanduku kwenye skrini nyembamba, na natafuta mtu mwenye simu ndogo ya itel atakayenisaidia kuyapima.