Mkanda wa Usukani

Nilipolishusha gari langu la mashindano kwa milimita 50, lilipendeza mno, limejikunyata kama paka anayevizia panya. Tatizo likawa moja: likikanyaga bonde au tuta dogo, linajichagulia njia. Mimi nakata kona, lenyewe linataka kwenda kusalimia ukuta.

Kisa chake ni hiki. Tairi likipanda, wishiboni (mkono wa chuma unaolishikilia tairi kwenye gari) huchora upinde wake na tairodi (fimbo inayoligeuza tairi ukizungusha usukani) huchora wa kwake. Gari likishushwa, pembe zao hubadilika, pinde haziendi tena pamoja, na tairodi hulivuta au kulisukuma tairi wakati wewe hujagusa usukani. Dawa ni kuweka bolti ndefu na washa, yaani vipete vya chuma, pale kwenye ncha ya tairodi, uishushe au uipandishe mpaka pinde zipatane. Lakini sharti upime kwanza.

Nikapima. Gari juu ya stendi, springi nje, ubao umefungwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Napandisha jeki milimita 10, naandika umbali wa ubao mbele na nyuma, napandisha tena. Kazi ya shemeji ilikuwa moja tu, akae ndani ashike usukani usicheze.

Namba zikaja za kichawi: tairi limegeukia ndani milimita 2, nje 5, ndani 7, sifuri, nje tena. Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikapiga hesabu, nikapachika washa nne kwa kujiamini kabisa. Siku ya mazoezi gari likawa mbuzi anayeburutwa sokoni. Ukigusa breki, linavutia kwake.

Tukarudia vipimo. Safari hii nikachungulia dirishani. Simu iko mapajani mwa shemeji, mpira umekolea. Winga akipanda kulia, na usukani unapanda kulia. Ikapigwa krosi, tairi likageuka mbele ya macho yangu.

"Shemeji!"

"Nimeshika, shemeji, nimeshika!"

Na kweli alikuwa ameshika.

Nikamshusha. Nikavua mkanda wa suruali, nikaufunga usukani kwenye kiti, ukakaza kama ng'ombe kwenye mti. Ghafla namba zikawa na adabu, zikawa zinapanda kidogo kidogo kuelekea upande mmoja. Nikatoa washa mbili, nikapima tena: tairi likapanda na kushuka milimita 60 nzima bila kugeuka hata nusu milimita. Nikarusha mikono yote miwili juu kwa furaha.

Suruali ikashuka kuliko gari.

"Hiyo nayo umepima?" akauliza shemeji, safari hii simu ameielekeza kwangu.

Siku ya mashindano nimeingia ndani, nahangaika na helmeti, suruali bado naishikilia kwa kiwiko. Mkaguzi akainama dirishani.

"Dereva, mkanda vipi?"

"Niliufungia usukani, nikausahau gereji."

Akautazama usukani. Akanitazama mimi. Akamwita mwenzake.