Chupa ya soda tunairudisha, betri tunaimwaga mgombani

Desemba nilipanda Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kula Krismasi kwa mama, kama Wachaga wote. Siku ya tatu akapita kijana wa skrepa na mizani yake ya kuning'iniza. Mama akamtolea betri ya sola iliyokufa. Kabla hata ya kutaja bei, kijana akafungua vifuniko, akaiinamisha shinani mwa mgomba na kumwaga maji ya betri yote. Hapo ndipo akaitundika. Yeye hanunui maji, ananunua madini ya risasi. Hatua kumi kutoka pale unapita mfongo, mfereji wetu wa maji, na majirani wa chini wananyweshea mboga.

"Mama, ile ni asidi, na ina risasi ndani."

"Mwanangu, miaka yote tunamwaga hapo, na ndizi tunakula."

Jibu hilo ndilo lililonitisha.

Huku Ujerumani, mara ya kwanza kununua betri ya gari niliona risiti imeongezwa euro 7.50, nikajua nimepigwa. Kumbe ni rehani ya kisheria: rudisha betri kuukuu, chukua hela yako. Betri ndogo za tochi na rimoti zina boksi lake supamaketi, maana anayeuza analazimika kupokea zilizokwisha. Rangi iliyobaki, thina, sumu ya panya: kuna gari maalumu linalopita mitaani kwa ratiba, unamkabidhi mhudumu, hulipi. Na msidhani Wajerumani wamezaliwa hivyo. Jirani yangu wa juu nimemfuma akitupa betri kwenye pipa la kawaida, akiangaza macho kama mwizi wa kuku.

Ndiyo maana sina hamu na wenzangu wa ughaibuni wanaorudi na wimbo wa "sisi hatuna ustaarabu". Moshi, mji uliosifiwa usafi miaka na miaka? Rehani tunaijua tangu utotoni. Nenda kwa Mangi mwenye duka kuchukua soda ya kioo bila chupa tupu: utainywea hapo hapo au utaacha hela. Hakuna semina iliyotufundisha.

Tatizo ni kwamba betri haina Mangi wa kuidai. Shule ya msingi mimi mwenyewe nilizipasua za tochi kwa jiwe, tukachanganya ule unga mweusi na majani tukapaka ubao, mikono nikanawa mfongoni. Na dawa ya kunyunyizia kahawa inayobaki? Iko uvunguni, kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina hata alama. Hiyo inanikosesha usingizi kuliko betri, kwa sababu wajukuu hawajui kusoma.

Nilimuuliza kijana wa skrepa kwa nini asiichukue betri na maji yake. Akacheka: "Bosi atanikata kilo, bro." Basi mwenye duka la sola aipokee nzima, ampunguzie mteja bei ya betri mpya, na bosi wa skrepa apime bila kumwaga. Kijana abaki na kazi yake.

Mama ana betri nyingine stoo. Nimemwomba asiiguse mpaka nije, lakini najua kijana atatangulia.