Arabuko-Sokoke: Elimu ya Msitu Itangulie, au Kipato?

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kusini-magharibi mwa Malindi nchini Kenya, una kilomita za mraba zipatazo 420. Ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Pembezoni mwake, kuanzia Gede hadi Mida na Watamu, ipo miradi na vituo vinavyofundisha watu habari za mazingira. Watoto wa shule huletwa kutazama ndege na vipepeo, vikundi vya akina mama huotesha miche, na vijana wa vijijini huongoza wageni msituni. Kazi ni mbili, kufundisha na kuwapa watu riziki, na kwa muda mrefu wahifadhi na wanakijiji wamevutana juu ya ipi itangulie.

Wanaotaka elimu itangulie wana hoja nzito. Mtu hulinda anachokijua. Mtoto wa Malindi mjini anaweza kumaliza shule bila kumwona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye duniani kote makao yake makuu ni msitu huu. Akimwona mara moja akihangaika kwenye majani makavu, hatamsahau. Isitoshe, elimu haina mnunuzi wa kuikataa. Aliyejifunza kwamba mikoko ya Mida ndiko samaki wachanga hukulia anabaki na ujuzi huo hata watalii wasipokuja.

Upande wa pili husikika zaidi Kakuyuni, Jilore na vijiji vingine vinavyopakana na msitu. Wazee wa huko wanakumbuka miaka ambayo ndovu walitoka usiku na kumaliza mahindi na mihogo, kabla ya uzio wa umeme. Miaka ya mwanzo ya 1990 wakazi wengi walitaka msitu ukatwe, wapewe mashamba. Hawakuwa wajinga wa faida za miti. Walikuwa wakibeba hasara ya msitu huku faida ikienda kwingine. Mzee wa namna hiyo ukimwita semina ya ndege, atakuja kwa heshima, atakunywa soda, kisha jioni mtu wa nyumbani kwake ataingia msituni kutafuta muhuhu wa kuuzia wachonga vinyago. Ada ya shule haingoji.

Ndipo ulipoanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede mwaka 1993. Mfugaji hukamata vipepeo majike, huwaweka kwenye kizimba cha wavu pamoja na mmea wanaoupenda, vipepeo hutaga mayai, na viwavi hulishwa majani mpaka wageuke pupa, hatua ya mwisho kabla ya kipepeo. Pupa hununuliwa na mradi na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mimi nauona kuwa mojawapo ya mawazo bora kuwahi kutokea pwani yetu, kwa sababu somo limo ndani ya kazi yenyewe. Mfugaji analazimika kujua kipepeo gani anakula jani gani, jani hilo linaota wapi, na kwa nini mbegu ya vipepeo wapya lazima itoke msituni. Hakuna ubao wa darasani unaofundisha hivyo. Katika familia zilizoingia mradi huo, msitu ulianza kuonekana kuwa mali.

Hata hivyo, pupa haisubiri. Ina siku chache tu kabla ya kipepeo kutoka, kwa hiyo lazima ifike kwa mnunuzi haraka, na mnunuzi yuko ng'ambo. Ndege za abiria ziliposimama mwaka 2020, mkulima wa Gede aliyekuwa amelea viwavi vyake vizuri hakuwa na pa kuvipeleka. Hapo wanaotetea elimu huuliza swali ambalo siwezi kulipuuza: ikiwa mtu analinda msitu kwa sababu unamlipa, siku usipomlipa atafanyaje?

Jibu la karibu zaidi nililoliona liko Mida. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo cha masomo ya mazingira Watamu, lilianzisha mpango wa ASSETS. Wageni hulipa kupita kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na mapato husaidia karo za sekondari za watoto wanaoishi karibu na msitu na mkono wa bahari wa Mida. Ukiupima mpango huu kwa fedha pekee, ni mdogo. Hauwezi kufikia kila nyumba. Lakini unamwambia mzazi jambo analolielewa mara moja, kwamba mkoko uliosimama umemsomesha mwanawe. Na mzazi huyo anapoitwa kupanda miche au kujifunza habari za mikoko, anakuja akiwa na sababu.

Kwa hiyo nasimama upande wa kipato kutangulia, kwa sharti moja: kipato kisiachwe kikawa ndio programu yote. Hatari naiona tayari. Kituo kikizoea fedha za wageni, ratiba yake hufuata wageni. Mwanafunzi anayetoka mbali kwa basi la kukodi hupata matembezi kamili na maelezo ya kina, na mtoto wa Msabaha au Mida, anayekaa mwendo wa miguu, huingia mara moja tu, siku ya sherehe ya kupanda miti. Mimi ningependelea shule kumi za pembezoni ziletwe kila muhula, watoto wale wale, mpaka waijue njia ya msituni kama wanavyoijua ya kisimani, kuliko shule mia zipite mara moja ili hesabu ipendeze kwenye ripoti ya wafadhili.

Jambo la pili ni mwalimu. Wapo wazee wa Kigiriama wanaoutambua mti kwa harufu ya gome lake, na wavuvi wa Mida wanaojua kaa yuko wapi kwa kutazama maji tu. Mara nyingi hawa hukaa kwenye viti vya wanafunzi. Wapewe kufundisha, kwa lugha yao, na walipwe kama anavyolipwa mwongozaji wa watalii. Gharama itaongezeka, kweli, ila kituo kitapata kitu ambacho vitabu vya ndege havina.

Haya yanataka uamuzi sasa. Mwaka 2024 magofu ya Gede yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mji huo wa kale uko karibu na msitu. Wageni wakiongezeka, mapato yataongezeka pia. Wasimamizi wa msitu, makumbusho na kaunti wakae na vyama vya jamii vya misitu, vinavyotambuliwa na sheria tangu 2005, wakubaliane kwa maandishi ni sehemu gani ya fedha hizo itakwenda kwenye karo, na ni siku zipi katika kila muhula vituo vitafungwa kwa wageni na kuachiwa shule za vijijini peke yake.