Kalamu Nyekundu Juu ya Mstari wa Namba

Jumatatu jioni binti wa kaka yangu, aliye darasa la tatu, alinifungulia daftari lake la Hisabati akaniuliza, "Shangazi, jibu si ni tano?" Swali lilikuwa 20 ÷ 4. Alichora mstari wa namba, akaanzia 20, akaruka nne nne kurudi nyuma, 16, 12, 8, 4, mpaka 0, kisha akahesabu miruko mitano. Mwalimu amemwekea alama ya kosa na kuandika pembeni: "Tumia njia." Imeniuma sana, kwa sababu hiyo aliyoitumia ni njia, tena ndiyo inayomwonyesha mtoto kugawanya ni kufanya nini.

Tumezoea kuanza na machungwa 20 na watoto 4, kila mmoja apate mangapi. Ni mfano mzuri, lakini unafundisha upande mmoja tu. Fundi cherehani mwenye kitambaa cha mita 14, ambaye kila gauni linamla mita 4, hamgawii mtu kitu. Anataka kujua zimo nne ngapi ndani ya 14. Mtoto akiruka kutoka 14 atatua kwenye 10, kwenye 6, kisha kwenye 2, na hapo ataona kwa macho yake kwamba mruko mwingine hautoshi. Ile "baki 2" anayoikariri bila kuielewa inakuwa kipande cha kitambaa kilichosalia mezani. Baadaye atakutana na 3 ÷ ½, na mfano wa machungwa utamtupa mkono, maana hakuna nusu ya mtoto wa kugawiwa; lakini aliyezoea mstari ataruka nusu nusu mara sita, wala hatashangaa kwamba jibu limezidi 3.

Nakubali kwamba hakuna atakayechora mstari kwa ajili ya 936 ÷ 12, na kwamba wapo watoto wanaohesabu vituo badala ya miruko, wakapata jibu lililozidi kwa moja. Najua pia kwamba mwalimu mwenye rundo la madaftari hana muda wa kufuatilia kila mchoro. Hata hivyo, jibu lilikuwa sahihi na mtoto alijua limetoka wapi.

Nimemwambia asiufute mchoro wake. Alhamisi nitamsindikiza shuleni, na nitamwomba mwalimu, kwa heshima zote, amsikilize akiieleza miruko yake mwenyewe.